Katiba ya mfukoni, nyota 4
Hii Katiba ya Kenya ya 2010 saizi ya mfuko nimeinunua kwa muuza vitabu wa barabarani na wallahi inafaa, gundi imeshaanza kuachia huko nyuma na maandishi ni madogo ndio maana nimekata nyota moja, lakini fungua kifungu cha 145 usome mwenyewe, rais akivunja sheria vibaya theluthi moja ya wabunge wanaanzisha hoja ya kumwondoa, theluthi mbili wanaipitisha, Seneti inaamua. Oktoba 2024 naibu rais Gachagua alitolewa kwa utaratibu huo huo. Juzi mbunge wetu alikuja mkutano nikamfungulia hiyo page, nimeipigia mstari mwekundu, nikamwambia mheshimiwa msiwaogope wakubwa, kazi yenu imeandikwa hapa. Nunueni jamani