Mbegu za nyasi kwa malisho ya kondoo: ipi ununue kwanza

Kondoo hachungi kama ng'ombe. Mdomo wake mwembamba huchagua jani, huacha bua, na hula hadi karibu kabisa na ardhi. Kwa hiyo usivutwe na tani za mavuno zinazosifiwa kwenye mfuko wa mbegu, maana nyingi huwa ni mabua. Bua hukaa sana tumboni kabla ya kusagika, na mnyama hushiba kabla hajapata lishe ya kutosha. Jike anayenyonyesha anaweza kuhitaji malisho ya hadi asilimia 4 ya uzito wake kwa siku, yakipimwa yakiwa makavu. Kwa nyasi za mabua hafikishi.

1. Raigrasi ya kudumu na klova nyeupe
Penye baridi na unyevu, anza na hii. Jani lake laini husagika upesi, na klova, mmea wa jamii ya kunde, huongeza protini na kurutubisha udongo. Kwa hekta, panda kilo 20 hadi 25 za raigrasi na kilo 2 hadi 3 za klova. Kabla ya kulipa, uliza kuhusu kuvu iliyo ndani ya mbegu: ile ya asili hutoa sumu inayowafanya kondoo watetemeke na kuanguka wakikimbizwa. Chagua mbegu yenye kuvu teule kama AR1, isiyotoa sumu hiyo.

2. Rhodes
Hii ndiyo ya kwanza penye joto na mvua chache. Aina ya Pioneer huwahi kutoa maua na kujaa mabua. Kwa kondoo, Katambora ni bora kwa sababu huchelewa kuchanua na mabua yake ni membamba. Waingize nyasi zikifika sentimita 20 hivi, kabla hazijachanua, na uwatoe zikibaki 10.

Mbegu zake ni nyepesi, zina manyoya na hushikana. Zichanganye na mchanga mkavu au maranda, na usizifukie zaidi ya sentimita 1, zikizama, hazitoki.

3. Kikuyu
Hustahimili kwato na kung'atwa chini sana. Lakini viluwiluwi vya minyoo hukaa zaidi kwenye sentimita 5 za chini za nyasi, kwa hiyo usiwaache wakwangue. Ina sodiamu kidogo pia. Weka chumvi ya kulamba.

4. Brakiaria
Huzaa vizuri, lakini ina saponini, kemikali za mmea zinazoweza kuharibu ini la kondoo, hasa wanakondoo. Jua likiwapiga, uso na masikio huvimba na macho huwa manjano. Aina ya decumbens ndiyo ya kuogopwa zaidi. Dalili zikionekana, watoe mara moja, waweke kivulini na umwite daktari wa mifugo.

Matete (nepia) usinunue kwa kuchungia. Hayo ni ya kukata na kulisha.

Soma lebo kabla ya bei
Zidisha usafi (sehemu iliyo mbegu halisi, si takataka) kwa uotaji (sehemu ya mbegu hizo inayoota). Mbegu zenye usafi wa asilimia 60 na uotaji wa asilimia 40 zina asilimia 24 tu za kuota, yaani kilo 2.4 katika kila kilo 10. Mfuko wa bei ya juu mara nyingi huwa ndio nafuu. Angalia pia tarehe ya kupimwa: Rhodes na brakiaria zilizovunwa karibuni hulala miezi kadhaa kabla ya kuota vizuri. Ukiwa na shaka, tandaza mbegu 100 kwenye kitambaa chenye unyevu mahali penye joto, uzihesabu baada ya wiki mbili, kisha uongeze kiasi cha kupanda kulingana na zilizoota.