Dola 48 za kulala chini: yoga ya taratibu nyumbani, Desemba ya Minnesota

Kwanza niseme nilichonunua, maana kuna maoni mtu anayasoma mpaka mwisho na bado hajui kinachouzwa ni nini. Nililipa dola 48 kwa vipindi 12 vya yoga ya taratibu kupitia Zoom, kila siku kuanzia tarehe 20 hadi 31 Desemba, saa 12 jioni, dakika 40. Ukikosa kipindi, unatumiwa rekodi. Wenyewe ni studio ndogo ya hapa Minneapolis, Marekani. Jina silitaji, kwa sababu kuna jambo la pesa nitakalolisema huko chini na sitaki kumharibia mtu riziki kwa kosa ambalo baadaye walilirekebisha.

Mimi ni msaidizi wa wauguzi katika nyumba ya kulelea wazee, zamu ya usiku. Naingia saa 5, natoka saa 1 asubuhi. Desemba huku jua linachomoza karibu saa 2 asubuhi na kuzama saa 10 na nusu jioni, kwa hivyo naendesha gari gizani kwenda na gizani kurudi, na ule mwanga kidogo uliopo unanipita nimelala. Kwetu Mombasa jua lina adabu: saa 12 na ushei linatoka, saa 12 na ushei linaingia, mwaka mzima. Huku mwaka wa kwanza nilidhani naumwa. Kumbe ni Desemba tu.

Halafu kila Krismasi ni mimi ninayewashikia wenzangu zamu. Mimi Mwislamu, wao wana watoto wanaongoja zawadi, na siku hiyo malipo ni mara moja na nusu. Biashara nzuri kwa kila mtu isipokuwa kiuno changu. Mzee wa kilo 90 humgeuzi kitandani kwa dua, na hata ile mashine ya kunyanyulia ikiwepo, kuna mahali lazima uiname. Mwaka huu ilifika siku naketi kwenye ngazi ili nivae buti.

Wiki moja kabla walituma orodha ya vifaa: mkeka, mto mrefu wa kulalia mgongo, vitofali viwili vya sponji, mkanda, mablanketi mawili, na kijifuko cha kufunika macho. Nikipiga hesabu dukani inapita dola 100. Nikanunua mkeka peke yake, dola 22, unene milimita 6. Ulikuwa unanuka mpira vibaya sana, na nje ni baridi ya nyuzi 20 chini ya sifuri, dirisha halifunguliki. Ukakaa bafuni siku mbili umening'inia kama samaki wa kukaushwa.

Vingine nilijitengenezea, na hapa ndipo nawashauri wenzangu msitupe pesa. Mto mrefu: nilikunja duveti la akiba, nikalizungushia leso, nikapiga fundo huku na huku. Vitofali: vitabu vyangu viwili vya uuguzi, ambavyo siku hiyo ndiyo mara ya kwanza vimenifaa tangu nivinunue. Mkanda: leso ya pili, imekunjwa kwa urefu. Ile leso ina jina "Mso hili ana lile", na kila ninapolala chali nimeuzungushia mguu na kuuvuta juu, nayaona maneno "ana lile" yananing'inia mbele ya pua. Cha kufunika macho: soksi safi, ndani vikombe viwili vya mchele wa pishori, juu fundo. Inafanya kazi vizuri. Tatizo lake unaanza kuwaza pilau.

Mwalimu alitueleza kwamba utaratibu huu wa kuutegemeza mwili kwa mito na mikanda ulienezwa zaidi na B.K.S. Iyengar wa Pune, India, aliyefariki 2014 akiwa na miaka 95, na kwamba utotoni alikuwa mtoto wa kuugua ugua, si mwanasarakasi. Nililipenda hilo. Mimi yoga niliyokuwa naijua ni ya wasichana wembamba waliosimama kwa kichwa ufukweni.

Sasa yoga yenyewe. Jioni ya kwanza nilijua nimeibiwa. Dakika 40, mapozi matano basi. Unapiga magoti, unakalia visigino, unalaza kifua juu ya lile duveti, shavu upande mmoja, unabaki hapo dakika 5. Unageuza shavu, dakika nyingine. Unalala chali nyayo zimegusana, magoti yameanguka huku na huku juu ya vitabu. Hakuna jasho, hakuna kuhesabiwa "moja, mbili, vuta". Nikajisemea: dola nne kila jioni nalala kwenye sakafu yangu mwenyewe, ambayo kodi yake nalipa mimi!

Jioni ya tatu ndiyo niligundua kazi iko wapi. Ukilala kimya dakika 5 bila simu, yote uliyoyakimbia mchana kutwa yanakuja na kukaa kikao. Dawa za presha za mama. Mtihani wa Januari. Yule bibi wa chumba cha mwisho ambaye usiku ule alinishika mkono na kuniita kwa jina la binti yake. Mwalimu hakusema tuyafukuze. Alisema tuvute pumzi kwa kuhesabu 4 na kuitoa kwa kuhesabu 6, basi. Pumzi ya kutoa ikiwa ndefu kuliko ya kuvuta, moyo unapunguza mwendo. Kazini nimewapima watu mapigo ya moyo mara elfu. Mwenyewe sikuwahi kuyasikiliza yangu yakitulia.

Pozi lililonilipia dola zote 48 ni la miguu ukutani. Unaketi ubavu umegusa ukuta, unajipindua ulale huku unapandisha miguu, duveti chini ya makalio, unabaki hivyo dakika 10. Nikivua soksi za kazini huwa na mfereji kuzunguka kifundo cha mguu, wa kuingia ncha ya kidole. Baada ya dakika 10 za ukuta mfereji umejaa, miguu ni myepesi kama ya mtu mwingine. Ila ikifika dakika ya 8 vidole vinaanza ganzi. Usijikaze, kunja magoti kidogo, damu irudi, endelea. Hilo mwalimu alilisema siku ya 6, na lilitakiwa lisemwe siku ya kwanza.

Nilianza sebuleni lakini juu ya zulia mkeka ulikuwa unakimbia, nikahamia jikoni. Hapo yakanikuta mawili. La kwanza ni mwanangu wa miaka sita. Alinikuta kwenye pozi la kuinama paji la uso limegusa chini, akasimama akanitazama, akauliza, "Mama, mbona unasujudu umeielekea friji?" Kibla ya huku ni kaskazini mashariki, na anaijua kuliko mimi. Ilibidi nimweleze kwamba hii si swala, ni mazoezi. Akalala pembeni yangu dakika mbili, akasema inachosha, akaondoka.

La pili ni aibu tupu. Siku ya 5 nilisahau kufunga kipaza sauti, na nilikuwa nimeweka maharagwe kwenye presha kuka. Watu thelathini wamelala kimya majumbani mwao, mishumaa imewashwa, mwalimu ananong'ona, na presha kuka yangu ikapiga mluzi kama treni ya Nairobi. Niliruka. Mwalimu akacheka kwanza, kisha akasema, "Na huyo naye anatoa pumzi." Nilimpenda kuanzia hapo.

Mama naye hakukosekana. Nikitoka kazini saa 1 asubuhi kwao ni saa 10 alasiri, ndio wakati wetu wa simu. "Hiyo si ibada ya Wahindi?" Nikamwambia hapana mama, ni kujinyoosha na kuvuta pumzi. Mwalimu haimbishi chochote. Mwishoni anasema "namaste", mimi najibu asante. Nikajitia mjuaji, nikamwambia hata UNESCO waliiweka yoga kwenye orodha ya urithi mwaka 2016, tena kikao kilikuwa Afrika, Addis Ababa, na ni haohao UNESCO walioutambua mji wa kale wa Lamu 2001. Akanisikiliza vizuri mpaka mwisho, akauliza, "Na hao UNESCO ndio wanaotufundisha dini?" Nilifanya kosa pia la kumtafsiria jina la pozi la mwisho, savasana. Maana yake ni pozi la maiti. "Audhubillahi! Mtu mzima anajilaza maiti na hana la kufanya?" Tangu siku hiyo tunaliita pozi la kupumzika.

Niseme na lililonikera kuhusu mafundisho yenyewe. Kila kipindi kikikaribia kwisha tunaambiwa tufumbe macho tujione tuko ufukweni: joto, mchanga, mawimbi, hakuna mtu. Kwa wenzangu wa hapa nadhani ni dawa. Mimi nikifumba macho ufuko unaokuja ni Pirates ya kwetu Mombasa, Jumapili jioni, na pale kuna watu wote wa duniani: ngamia, muuza viazi karai, watoto wanaogelea na nguo, shangazi anaita mtu asiyesikia. Jioni ya tarehe 22 nililia machozi ya kweli, yakalowesha mchele wa soksi. Sikusema ni vibaya. Lakini mtu anayetoka pwani usimpeleke ufukweni Desemba bila kumwonya. Siku zilizofuata, tukifika hapo, nilikuwa naifikiria theluji ya nje, ambayo sina ndugu ndani yake.

Matokeo? Mgongo haukupona, asikudanganye mtu. Lakini kufikia siku ya 8 nilivaa buti nimesimama. Usiku wa Krismasi nilifanya kipindi saa 12, nikaenda kazini saa 5, na nilipotoka asubuhi nililala saa sita mfululizo, jambo ambalo kwa mtu wa zamu ya usiku ni la kusimulia. Mara mbili nilisinzia katikati ya kipindi. Mwalimu anasema aliyesinzia alihitaji kusinzia, na hilo nimelichukua kama lilivyo.

Mtu ataniuliza, YouTube imejaa yoga ya bure, dola 48 za nini? Nilijaribu ya bure Novemba. Nilikuwa naifungua, naiacha ikicheza, nakwenda kukunja nguo. Hii ya kulipia, saa 12 kuna mtu anaona kama kamera yangu imewashwa. Kwa mwanamke mwenye mtoto na zamu, nadhani nilichonunua ni ruhusa: mlango wa jikoni unafungwa, na nikiitwa nasema, "Nimelipia."

Anayetaka kupunguza mwili au kutoka jasho asihangaike, si hii. Mwenye mimba kubwa au presha ya macho amuulize daktari wake kwanza, maana kuna mapozi ya kulala chali na ya kuinamisha kichwa.

Sasa la pesa. Tarehe 1 Januari kadi yangu ilikatwa dola 39 za uanachama wa mwezi ambao sikuuomba. Kumbe kwenye ukurasa wa kulipia, chini kabisa, kulikuwa na kisanduku kilichokwisha kutiwa tiki. Niliandika barua pepe mbili, ya pili si ya adabu sana, pesa zikarudi baada ya siku 9. Ndiyo nyota moja iliyopungua. Nawapa 4 kati ya 5. Nusu nyingine ningeikata kwa rekodi kufungwa tarehe 31 Januari, ila mwalimu ameiokoa kwa ule mluzi.

Sasa ni Februari. Nimebaki na miguu ukutani tu, dakika 10 nikitoka kazini, kabla hata sijavua sare. Wakifungua tena Desemba nitalipa, ila nitaanza na kile kisanduku.