AdwCleaner na Malwarebytes ya bure kwa kusafisha kompyuta ya nyumbani: uzoefu wangu

Natumia programu hizi mbili, pamoja na Defender, antivirusi iliyomo ndani ya Windows yenyewe, kwenye kompyuta za nyumbani za Windows 10 na 11. Zinaondoa uchafu mwingi na hazidai hata senti. Lakini yale matangazo yanayochomoza pembeni, chini kulia, hakuna hata moja kati ya programu hizo inayoyagusa ipasavyo. Mtu anaskani, anaambiwa kompyuta ni safi, mara tangazo hilo hapo tena, basi anaamua kwamba programu ni feki. Si feki. Alichonacho si kirusi, ni ruhusa aliyoitoa mwenyewe.

Kwa hiyo kazi inaanzia kwenye kivinjari. Tovuti za kutazama mpira bure, za filamu, za kugeuza video kuwa MP3, zina mchezo mmoja: zinakuonyesha maandishi kwamba ubofye "Allow" ili kuthibitisha wewe si roboti. Ukibofya, tovuti imepata kibali cha kukutumia arifa hata baada ya kuifunga. Arifa zenyewe huja na nembo ya antivirusi maarufu na maneno kwamba kompyuta yako ina virusi vitano, lipia leo. Zitazame vizuri: ndani ya arifa huandikwa jina la kivinjari na anwani ya tovuti iliyoituma. Kwenye Chrome andika chrome://settings/content/notifications sehemu ya anwani, utaona orodha ya tovuti zote zilizoruhusiwa. Ondoa kila usiyoijua, kisha chagua tovuti zisiruhusiwe kuomba tena. Kwenye Edge anza na edge badala ya chrome. Firefox iko about:preferences#privacy, ukishuka hadi sehemu ya ruhusa. Hapo hujapakua chochote, hujatumia bando, na kwa kompyuta nyingi tatizo limeishia hapo.

Lile onyo linalojaza skrini nzima, lenye sauti ya king'ora na namba ya simu ya "Microsoft", ni ukurasa wa wavuti tu. Ujumbe wa kweli wa Microsoft hauwekwi namba ya simu. Shikilia Esc au bonyeza F11 ili kutoka kwenye skrini nzima. Ikigoma, bonyeza Ctrl+Shift+Esc ufungue Task Manager, chagua kivinjari, kiue. Ukikifungua tena na kikauliza kama kirudishe kurasa za awali, kataa, la sivyo unaliita tena.

Kabla ya kuskani nafanya mambo mawili ambayo maelezo mengi huyaruka. La kwanza ni kuzima usawazishaji (sync) wa Chrome. Kiendelezi kibaya (extension, kiprogramu kinachoongezwa kwenye kivinjari) kikishahifadhiwa kwenye akaunti ya Google, AdwCleaner itakifuta, kompyuta itawaka upya, na Chrome itakirudisha chenyewe kutoka kwenye akaunti. Watu wanalaumu kisafishaji wakati mlango wa nyuma uko wazi. Zima usawazishaji, safisha, futa data iliyohifadhiwa huko kupitia chrome.google.com/sync, ndipo uwashe tena. Alamisho zako zinabaki kwenye kompyuta, usiogope. La pili: bonyeza kitufe cha Windows pamoja na R, andika appwiz.cpl, kisha panga programu kwa tarehe ya kusakinishwa. Matangazo yakianza wiki iliyopita, angalia kilichoingia wiki iliyopita. Mara nyingi utakuta kisoma PDF usichokijua, "kiboreshaji" cha madereva (drivers), au upau wa kutafutia. Viondoe kwa njia ya kawaida kwanza. Vingine vikifutwa faili kwa nguvu huacha vipande vinavyolalamika kila kompyuta inapowaka.

Sasa AdwCleaner. Ni faili moja dogo, la MB chache, halisakinishwi; unalibofya linafanya kazi. Lilianza kama mradi wa kujitegemea, Malwarebytes wakalinunua mwaka 2016, na bado ni la bure kabisa. Lichukue kwenye tovuti ya Malwarebytes tu. Ukitafuta jina lake kwenye Google, yale matokeo ya juu yenye alama ya tangazo uyaruke, maana hapo ndipo visafishaji bandia hujipanga. Uskani wenyewe ni wa dakika chache kwa sababu halipitii kila faili. Linaangalia sehemu ambazo takataka za matangazo hupenda kukaa: rejista (registry, hifadhi ya mipangilio ya Windows), folda za vivinjari, kazi zilizoratibiwa, viendelezi. Kabla ya kubofya kitufe cha kuweka karantini, hifadhi kazi yako, kwani linafunga programu zote zilizo wazi na mara nyingi litataka kuwasha upya. Ripoti inabaki C:\AdwCleaner\Logs, na ukigundua limeondoa kitu chako, unakirudisha kutoka karantini.

Soma orodha kabla ya kukubali. Programu zilizokuja na kompyuta kutoka kiwandani hutengwa kwenye kundi lake. Hizo si wadudu, na ukiondoa ile inayoendesha vitufe vya mwanga au touchpad utajitafutia kazi nyingine. Mimi huziacha, isipokuwa mwenye kompyuta anajua hasa ni nini.

Kitu kinachoipa AdwCleaner thamani yake kiko kwenye mipangilio, na wengi hawafiki huko. Kuna vitelezi vya marekebisho ya msingi: kurudisha proksi, faili la hosts, Winsock na TCP/IP (mipangilio ya jinsi kompyuta inavyofika mtandaoni) na sera za Chrome katika hali ya mwanzo. Hii ya sera ndiyo tiba ya Chrome inayosema inasimamiwa na shirika lako wakati kompyuta ni ya sebuleni. Fungua chrome://policy; ukiona ExtensionInstallForcelist, kuna programu iliyoandika kwenye rejista kwamba kiendelezi fulani lazima kiwepo, ndiyo maana kitufe cha kukiondoa hakibofyeki. Rudisha sera, washa upya, kitaondoka. Kama laptopu ni ya ofisi, acha. Hizo sera ni halali. Na kama uliandika anwani ya IP kwa mkono, inakili pembeni kabla ya kurejesha TCP/IP, la sivyo intaneti itakata na utadhani kirusi kimerudi.

Malwarebytes ni mzigo mkubwa zaidi. Kisakinishi ni kidogo lakini kinaenda kuvuta mamia ya MB, kwa hiyo kama unatumia bando la simu, subiri Wi-Fi. Inakuja na majaribio ya siku 14 ya toleo la kulipia bila kudai kadi, kisha inarudi kuwa ya bure. Ya bure inaskani na kuondoa unapoiamuru, basi. Hailindi muda wote. Watu hawaelewi tofauti hiyo, wanabaki miezi wakidhani wana mlinzi. Wakati wa majaribio inajisajili Windows kama antivirusi kuu na Defender inakaa pembeni. Siku 14 zikiisha, fungua Windows Security uthibitishe kwamba Defender imewaka tena. Kwenye mipangilio ya uskani washa utafutaji wa rootkit (programu hasidi inayojificha ndani kabisa ya mfumo), maana huja umezimwa. Kulipia? Kwa kompyuta ya nyumbani yenye Defender inayofanya kazi, sioni haja.

Hiyo "inayofanya kazi" ndiyo penye shida kwetu. Windows nyingi zinazouzwa kwenye kompyuta za mtumba zimeaktivetiwa kwa zana za KMS zisizo na leseni, yaani za kuiaktiveti bila kuilipia, na maelekezo ya zana hizo huanza na "zima antivirusi" au "ongeza folda hii kwenye exclusions". Fungua Windows Security, ingia kwenye mipangilio ya ulinzi dhidi ya virusi, shuka hadi Exclusions. Ukikuta C:\ nzima, au folda ya Temp au AppData, umeshajua kwa nini Defender haioni kitu: imeambiwa isitazame. Futa vyote usivyoviweka wewe. Kisha washa kinga ya programu zisizotakiwa, iko chini ya App & browser control, halafu endesha uskani wa Defender wa nje ya mtandao. Kompyuta inajizima, inaskani kabla Windows haijaamka, inachukua kama robo saa. Chomeka chaja. Kwenye mashine yenye BitLocker (kufuli la Windows la kusimba diski) uwe na ufunguo wa urejeshaji mkononi kwanza. Matokeo utayaona kwenye historia ya ulinzi, si kwenye skrini.

Baada ya hayo yote, kama kivinjari bado kinajifungua chenyewe kwenye tovuti ya kamari kila unapowasha, si lazima kuwe na kirusi kilichobaki. Bofya kulia ikoni ya kivinjari, tazama Target kwenye sifa zake: maneno yaishie chrome.exe na alama ya kufunga nukuu. Kukiwa na anwani ya tovuti baada ya hapo, ifute. Kama ikoni ni safi, pakua Autoruns ya Sysinternals, ambao ni wa Microsoft, inayoorodhesha kila kinachojiwasha pamoja na Windows, kisha pitia sehemu za Logon na Scheduled Tasks. Unachotafuta ni mstari unaoita cmd au explorer ukifuatiwa na anwani ya wavuti. Ondoa tiki tu, usifute, washa upya, uone.

Programu jasusi zenyewe ni habari nyingine, na hapa sifa za visafishaji zinapungua sana. Zile za kuiba paswedi, kama RedLine au Lumma, hukusanya paswedi na vidakuzi (cookies, faili zinazokumbuka kwamba umeshaingia kwenye akaunti) vilivyohifadhiwa kwenye kivinjari, zikavituma, na nyingine hujifuta zenyewe. Uskani safi hapo hauna maana yoyote. Vidakuzi vilivyoibwa vinamwingiza mwizi kwenye akaunti bila paswedi na bila ule msimbo wa hatua ya pili. Kwa hiyo tumia simu, si kompyuta hiyo: badilisha paswedi ya barua pepe kwanza, kisha benki, kisha mengine, ondoa vifaa vyote vilivyoingia kwenye akaunti ya Google, na kwenye WhatsApp toa vifaa vilivyounganishwa. Njia inayotumika sana siku hizi ni ukurasa unaojifanya uthibitisho wa roboti, unakuambia ubonyeze Windows na R, kisha Ctrl+V, kisha Enter. Umeendesha amri ya mwizi kwa mkono wako, na antivirusi mara nyingine huiacha ipite kwa sababu mtumiaji ndiye aliyeamuru. Hakuna tovuti halali inayoomba hivyo.

Flashi iliyopita stationery ikarudi na folda zote zimegeuka shortcut: usibofye shortcut hata moja. Skani flashi kwanza, kisha fungua cmd (Command Prompt, dirisha la kuandika amri) na, kama herufi yake ni E, andika attrib -h -r -s /s /d E:\*.* uone mafaili yaliyofichwa yakirudi. Hayakufutwa.

Kwa kuzuia yasirudi, naweka uBlock Origin, kiendelezi cha kuzuia matangazo, kwenye Firefox. Chrome imeacha kuikubali, imebaki uBlock Origin Lite, ambayo inazuia matangazo mengi ingawa haina nguvu ileile. Na kama kompyuta iliibiwa paswedi, au kisafishaji kinaondoa kitu kilekile kila siku, sisafishi tena. Flashi ya GB 8, Media Creation Tool ya Microsoft, nakala ya picha na nyaraka peke yake bila faili lolote la exe, kisha Windows mpya. Iwe Windows 11 kama mashine inaikubali, kwani Windows 10 ilifikia mwisho wa msaada wa kawaida tarehe 14 Oktoba 2025.