Kabla ya kuuliza kina kasi ngapi, uliza kimetengenezwa na nini

Kifaa changu cha kwanza cha faragha, yaani cha kujistarehesha kingono, nilikinunua kwa shilingi 2,500 kwa muuzaji wa mtandaoni hapa Nairobi. Bodaboda alikileta kwenye mfuko mweusi. Nilipofungua boksi, harufu ilinipiga kama ya pazia jipya la bafuni, ila boksi lenyewe liliandikwa silikoni, nami nikaamini. Miezi minne baadaye kilikuwa kinanata mkononi, na rangi ya kimfuko cha kitambaa nilimokiweka ilikuwa imekiingia. Sabuni haikuitoa, maji moto hayakuitoa. Katika miezi hiyo nilitibiwa fangasi mara tatu, hadi daktari akaniuliza, "Hicho kifaa kimetengenezwa na nini hasa?" Nilikosa jibu. Nilikitupa siku hiyo, na fangasi hawajarudi.

Ndiyo maana leo sigusi kasi, kelele wala chaji. Nataka tuzungumze kuhusu vitundu vidogo vilivyomo kwenye malighafi.

Vifaa laini vya bei rahisi, vile vinavyoitwa jeli, mara nyingi ni PVC. Plastiki hiyo kwa asili ni ngumu, hulainishwa kwa kemikali, na zilizozoeleka ni thaleti. Kemikali hizo hazishikani na plastiki moja kwa moja, hutoka polepole. Hapo ndipo harufu na kunata vinapotokea. Kuna pia TPE na TPR, plastiki laini kama mpira, ambazo huweza kutengenezwa bila thaleti, na wauzaji hulitangaza hilo kwa sauti kubwa. Lakini vitundu visivyoonekana kwa macho vimo humo pia, na majimaji ya mwili huingia mahali ambapo sabuni haifiki. Kama rangi ya kitambaa ilipata njia ya kuingia kwenye changu, bakteria na fangasi watashindwaje?

Chaguo langu la kwanza ni silikoni tupu, na sifichi, mimi ni mtu wa Fun Factory. Ni kampuni ya Bremen, Ujerumani, iliyoanza mwaka 1996, na mambo yake ni ya silikoni. Silikoni halisi hainuki, hainati, na kama kifaa hakina mota unaweza kukichemsha dakika chache kama chupa ya mtoto. Tumia kilainishi cha maji, kwa sababu kile cha silikoni kinaweza kuharibu uso wake. Na ukiona kitu laini kinachopenyeza mwanga kama maji, mara nyingi si silikoni, hata boksi liseme nini.

Cha pili ni chuma kisichopata kutu. Njoy wa Marekani wanatumia aina ya 316, na kitu hicho kinachemshika, hakina kitundu, utakaa nacho miaka. Kizito, lakini ni cha kudumu. Kisha kioo cha borosiliketi, jamaa ya bakuli za ovena: kikague kwa vidole kila mara, kikiwa na ufa kitupe. Plastiki ngumu ya ABS ni salama, ila uchafu hujificha kwenye maungio.

Jeli na TPE? Kama ndicho ulicho nacho, kivalishe kondomu mpya kila mara, usiipake mafuta ya nazi wala Vaseline kwani mpira wa kondomu utapasuka, na anza kuweka akiba ya kingine.

Kinachoniuma ni wauzaji. Uliza kifaa kimetengenezwa na nini, jibu ni "Ni original, dada, tuma location." Original si malighafi! Ukirudisha kinachonuka, unaambiwa hakirudishwi kwa sababu za usafi, usafi ambao wao hawakuujali walipokiuza. Mwaka 2005 Umoja wa Ulaya uliwekea thaleti tatu kikomo cha asilimia 0.1 kwenye vichezeo vya watoto, lakini vifaa vyetu vya faragha huandikwa kwenye boksi kuwa ni vya burudani tu, yaani si vya kutumika mwilini, na mtengenezaji ananawa mikono. Kiwango cha kimataifa cha vifaa hivi, ISO 3533, kilitoka mwaka 2021. Sasa nikimuuliza muuzaji kama bidhaa yake inakifuata, na akinitumia picha ya bei, namblock hapo hapo.