Siku 38 katika kituo cha afya ya akili, Bukavu: uzoefu wangu na wauguzi wa mdogo wangu

Mdogo wangu ana umri wa miaka 23 na anaugua skizofrenia. Tulimlaza kwa siku 38 katika kituo kimoja cha afya ya akili hapa Bukavu, na kwa kuwa nina malalamiko pamoja na shukrani, jina la kituo hicho sitalitaja. Ninaandika hasa kuhusu wauguzi, kwa sababu daktari tulimwona mara moja kwa juma, ilhali wauguzi ndio waliokuwa naye mchana na usiku.

Nakiri kwamba tulichelewa. Kwa majuma matatu tulikuwa naye katika chumba cha maombi huko Kadutu, akiwa ameziba masikio kwa pamba ili asisikie sauti ambazo, kwa maelezo yake, zilitoka katika redio ya jirani na kumtukana kwa jina. Bugali wa mama alikuwa ameukataa akidai una sumu, na alikuwa amekonda mno.

Siku ya kwanza tulipokewa na muuguzi wa zamu ya mchana, mzee mwenye mvi, ambaye hakusimama mbele ya mdogo wangu kumhoji kama tulivyozoea kufanya sisi. Alivuta kiti, akaketi ubavuni mwake, akaacha nafasi ya kutosha kati yao na njia ya mlangoni ikiwa wazi, kisha akakaa kimya kwa muda mrefu hivi kwamba mama alianza kunung'unika. Mdogo wangu alipomwuliza kama naye anasikia matusi yale, alijibu: "Mimi sizisikii sauti hizo, mwanangu, lakini ninaona zinakuchosha." Nyumbani tulikuwa tukimbishia hadi anakasirika, au tukimkubalia kila neno ili anyamaze, na kumbe yote mawili yalikuwa yakimfukuza kwetu. Jioni ile ile mdogo wangu alikubali kula sambaza, wale samaki wadogo wa ziwani, kwa sharti kwamba mimi nionje kwanza.

Suala la vidonge lilikuwa gumu zaidi, kwani mdogo wangu ni fundi wa kuficha kidonge chini ya ulimi. Muuguzi mmoja wa kike, badala ya kumpanua kinywa kwa nguvu, alimpa kikombe cha pili cha maji, akavuta benchi, akamchokoza kuhusu mechi ya Muungano na Bukavu Dawa. Mdogo wangu ni Muungano wa damu. Alijibu kwa hasira ya shabiki, na mtu anayetetea timu yake kwa sauti ile hawezi kushikilia kitu chini ya ulimi. Ndiyo siku ya kwanza niliyocheka tangu ugonjwa uanze.

Sasa nije kwenye lawama. Usiku wa tatu baada ya mdogo wangu kuanza haloperidoli, dawa ya kutuliza zile sauti, shingo yake ilijipinda upande wa kulia ikakakamaa, macho yakageukia juu, ulimi ukawa mzito hata asiweze kusema "yaya", anavyoniita mimi mkubwa wake, ikasikika. Mama alipiga magoti akaanza kukemea, akiamini kwamba pepo amerudi na nguvu mpya, na mimi nilikimbia uani kutafuta msaada. Muuguzi wa zamu alikuwa mmoja kwa sala mbili, yaani wodi mbili, ya wanaume na ya wanawake, na nilipompata alikuwa ameshikilia mgonjwa mwingine. Alipofika, alitambua mara moja kwamba ni madhara ya dawa, akamdunga biperideni, dawa ya kuondoa madhara hayo, na baada ya kama nusu saa shingo ililegea. Kazi yake sina la kuilaumu. Ninacholaumu ni kwamba hakuna aliyetutahadharisha, wakati jambo hilo linajulikana vyema kwa dawa za kundi hilo, hutokea hasa katika siku za mwanzo na huwapata zaidi vijana wa kiume. Sentensi mbili tu zingetosha kumwokoa mama na usiku ule. Aidha, kumwacha muuguzi mmoja na sala mbili usiku kucha si haki kwake wala kwa wagonjwa, na hilo ni la uongozi.

Asubuhi yake yule mzee alituomba radhi, kisha akaketi nasi kwa saa nzima. Alimweleza mama kwamba ugonjwa huu ni wa ubongo, kwamba mara nyingi huanza katika ujana au miaka ya ishirini na kitu, na kwamba hakuna laana ya kutafuta katika ukoo wa baba, jambo ambalo shangazi zetu walikuwa wameshaanza kulizungumza. Alitutaka tukumbuke kilichotangulia kabla hajaharibikiwa kabisa, tukaandika kwenye karatasi: kutolala usiku mbili mfululizo, pamba masikioni, kukataa chakula cha pamoja. Karatasi hiyo imebandikwa nyuma ya mlango wa jikoni, na mdogo wangu mwenyewe aliongeza la nne: kuzima simu.

Tangu aruhusiwe kurudi nyumbani anachomwa sindano ambayo dawa yake hufanya kazi kwa muda mrefu, kila baada ya majuma manne. Ni dawa iliyochanganywa na mafuta ya ufuta, kwa hiyo muuguzi huisukuma polepole ndani kabisa ya msuli wa kalio, hubadilisha upande kila mwezi na kutukataza kusugua mahali hapo. Tarehe ijayo huandikwa kwenye fishi, yaani kadi yake ya matibabu, kabla hatujavaa viatu. Mwezi mmoja dawa ilikosekana kituoni tukatumwa kuinunua wenyewe katika farmasi ya mjini. Tulipewa taarifa siku ile ile, jambo lililotugharimu safari mbili na bei ambayo hatukuwa tumejiandaa nayo.

Kwa uuguzi wa mchana ningetoa alama tano kati ya tano, na kwa usiku mbili. Ningempeleka tena hapo hapo. Anayekwenda achukue blanketi mbili, kwa kuwa usiku wa huku una baridi na zilizopo hazitoshi, na siku ya kwanza kabisa aulize dawa ya shingo iko wapi na nani anashika ufunguo wa kabati usiku.