Zonda C17 kwa barabara za Mtwara
Magurudumu ya baiskeli yenye rimu za kaboni niliyatamani, mfuko ukakataa. Nikachukua Campagnolo Zonda C17 ya alumini: yote mawili kama kilo moja na nusu, wakati ya zamani yalikaribia kilo mbili. Wepesi unausikia ukianza kukanyaga, na zaidi ukipanda Newala. Tambarare ya kurudi kutoka Mikindani, kusi ikikupiga usoni, usitegemee maajabu.

Kilichonikuna ni habu, yaani kitovu cha gurudumu. Gololi zake unafungua, unasafisha, unatia grisi. Na hewa ya chumvi hapa haina huruma. Spoki ndiyo kazi: mbele 16, nyuma 21 zilizopangwa tatutatu, sokoni hazimo. Agizeni za akiba mapema. Tairi nimefunga za milimita 28, maana 23 kwenye mashimo yetu ni kuitafuta pancha.