Mkutano mkuu wa wazazi au kikao cha darasa?

Shule za msingi Tanzania humwita mzazi kwa njia mbili. Ya kwanza ni mkutano mkuu: barua inaletwa na mtoto, wazazi wanajaa chini ya mwembe, mwalimu mkuu anasoma ajenda. Hata baada ya elimumsingi bila malipo kuanza mwaka 2016, suala la uji na chakula cha mchana bado linaweza kumeza asubuhi nzima. Si jambo dogo, mtoto mwenye njaa hasomi. Ila mzazi anaondoka akijua anadaiwa mahindi madebe mangapi, hajui kama mwanawe anasoma kweli au anakariri tu.

Ya pili ni kikao cha darasa. Wanakuja wazazi wa darasa la pili peke yao, wanajibana kwenye madawati ya watoto na kuliona somo lenyewe. Watoto watano wamezunguka rundo la vizibo vya soda: mmoja anahesabu, mwingine anaandika, wa tatu anabisha, "Ni kumi na saba, hesabu tena!" Mama asiyejua kusoma naye anaelewa vizibo, na jioni anaweza kufanya vilevile kwa maharage kabla ya kuyabandika jikoni.

Ubaya wake ni muda. Mwalimu wa mikondo miwili anachoka, na mzazi anayeishi kwa vibarua akija amepoteza ujira wa siku. Hata hivyo mimi nachagua vizibo. Habari za mahindi mwenyekiti wa kamati ya shule anaweza kuzitangaza hata msikitini na kanisani.